Shimo la Mama Kabedi

Kwa miaka minne Mama Kabedi alifundisha watoto wa wafanyakazi wa reli katika kona ya banda la mizigo, stesheni ya Kindu, kati ya magunia ya mpunga na mapipa ya mawese. Katika miaka hiyo yote hakupata chombo hata kimoja cha kufundishia, isipokuwa shimo. Na shimo lenyewe hakupewa na mtu. Alilikuta.

Alikuwa mtu wa Luputa, huko Kasai, na alibatizwa Sabine. Serikali ilipoamuru watu waache majina ya ubatizo, Sabine akaachwa, akabaki Kabedi. Mumewe, Mpoyi, alikuwa fundi wa breki, mtu aliyesema maneno kama ishirini kwa siku, kumi na tano kati yake yakiwa ya breki. Hawakujaliwa mtoto. Kule Luputa ndugu wa mume walilisema sana jambo hilo. Kindu lilisemwa kidogo, kwa sababu Luputa ni mbali na nauli ni ghali. Kabedi mwenyewe hakulisema kabisa. Kila asubuhi alifika bandani kabla ya kengele ya karakana, akawakuta watoto thelathini na mmoja wa miaka minne na mitano wakimsubiri mlangoni, na mpaka adhuhuri alikuwa mama wa watu. Alilipenda darasa lile kuliko kitu chochote duniani, Mpoyi akiwemo. Mpoyi alijua na hakunung'unika.

Vifaa vya shule viliahidiwa kutoka Kinshasa. Baada ya miezi kumi na moja sanduku likafika kweli, limefungwa kwa waya. Ndani mlikuwa na beji mia mbili za Chama na pampu ya kujazia mpira. Mpira haukuwemo. Kabedi akatia sahihi kwamba amepokea vifaa vya watoto, akaipanga ile pampu rafuni.

Basi nyuma ya banda palikuwa na kichuguu kirefu kupita mtu, na chini ya kichuguu, shimo walilochimba Wabelgiji kwa sababu waliyoondoka nayo. Kindu mvua haibembelezwi. Shimo lilijaa maji, maji yakanywewa na udongo, ukabaki utelezi mwekundu wa kufika magotini, na watoto wote thelathini wakaingia humo. Wiki ya kwanza Kabedi aliwakataza. Wiki ya pili aliwakataza kwa fimbo. Wiki ya tatu alichoka, akaketi juu ya gurudumu bovu la behewa, akawatazama.

Akaona mambo. Aliona mtoto ambaye ndani ya banda alishindwa kuhesabu mpaka tano akimkaripia mwenzake: "Makopo saba ya maji ni mingi! Tia sita!" Aliona wawili waliokuwa wakiumana kila siku wakijenga ukingo pamoja, kwa kuwa maji hayakusubiri wamalize ugomvi. Kabedi alikuwa amesomea ualimu miaka mitatu kwa masista, na masista hawakumwambia habari hizo. Alikasirika kidogo. Kisha akaanza kuja na ndoo.

Mchezo mkubwa wa pale shimoni ulikuwa bomu. Mtoto anafinyanga udongo kama bakuli, kitako chake chembamba, halafu analipiga chini kifudifudi kwa nguvu zote. Udongo ukiwa mzuri, kitako kinapasuka: PA! Na mwenzake analazimika kuziba tundu lile kwa udongo wake mwenyewe. Udongo ukiwa mbaya, unasikia "pf," basi. Mtoto wa pale alijua kwamba udongo wa chini ya kichuguu hulia, kwamba wa kando ya njia ya reli haulii hata uupige kutoka juu ya mti, kwamba ukiukanda mpaka usishike tena vidole unalia zaidi, na kwamba ukiulaza siku moja chini ya jani la mgomba, kesho yake mbwa wanakimbia. Udongo usiolia waliuita udongo bubu. Bingwa alikuwa Zawadi, binti wa mchukuzi wa mizigo, miaka mitano, sauti kama filimbi ya treni.

Nilisema watoto thelathini waliingia shimoni, na darasa lilikuwa na thelathini na mmoja. Wa thelathini na mmoja alikuwa binti wa mkuu wa stesheni.

Mkuu wa stesheni, shefu wa gare kama walivyomwita wote, alikuwa Tshimanga, mjane, mtu wa Kasai vilevile, mwenye abakosti tatu, yale makoti ya kiserikali yasiyovaliwa tai, zilizopigwa pasi mpaka zikasimama zenyewe. Alikuwa na daftari kubwa la kuandikia treni zilizofika. Treni ya kutoka Kamina ilitakiwa kuja mara mbili kwa juma. Ilikuja ilipojisikia. Tshimanga aliandika kila asubuhi, kwa wino mweusi na mwandiko wa kupendeza: "Bado haijafika." Kurasa nzima zilikuwa hivyo, na alizipiga mistari kwa rula.

Binti yake kwenye karatasi za serikali aliitwa Mwadi. Nyumbani, madirisha yakiwa yamefungwa, aliitwa Marceline. Aliletwa darasani amebebwa mgongoni asikanyage dimbwi, gauni jeupe, soksi nyeupe, pamoja na kiti chake kidogo na amri ya baba: asiguse chafu. Kabedi aliweka kiti ukingoni mwa shimo, na kwa kuwa mtoto hawezi kuketi bure, alimpa kazi ya uamuzi. Kila bomu lilipopigwa, Marceline alisema "Iko hai" au "Imekufa," na neno lake halikupingwa. Miezi na miezi aliamua, mikono mapajani. Kabedi alimwonea huruma, lakini shefu ni shefu.

Mwezi wa tatu ukaja mkutano. Kampuni ya reli ilitaka banda lake kufikia mwezi wa tisa, mpunga umeongezeka. Kamati ya wazazi ikakubaliana kujenga chumba cha darasa kwa salongo, ile kazi ya lazima ya kila Jumamosi. Kampuni ingetoa mabati yaliyochakaa, matofali wafyatue wazee wa reli wenyewe. Chumba kisipokuwapo mwezi wa tisa, darasa linafungwa, na Mama Kabedi atatafutiwa kazi ya kufagia ofisi.

Hapo akasimama Mama Françoise, mfanyabiashara aliyetoka Butembo, mwenye duka karibu na stesheni, na ambaye jina lake la ubatizo hakuna mwenye deni dukani aliyethubutu kulikataza.

"Mimi natuma mutoto kusoma, munanirudishia nguruwe," alisema. "Kila siku! Sabuni iko bei gani sasa?"

Watu walimtazama, kwa maana hakuna aliyeuza sabuni upande ule isipokuwa yeye. Lakini akina mama wengine wakapiga makofi, na Tshimanga, mwenyekiti, akaandika sharti: chumba kitajengwa, na siku kitakapokwisha, shimo litajazwa mawe ya reli, behewa zima.

"Mamu Kabedi," alimwambia kwa heshima ya kwao, "darasa njo darasa, shimo njo shimo. Tia sahihi hapa."

Kabedi akatia sahihi. Usiku, wakati wa chakula, alimweleza mumewe.

"Ulitia sahihi?" Mpoyi aliuliza.

"Nilitia."

"Haya," akasema Mpoyi, akasogeza sahani. Kabedi aliona aibu mpaka masikioni. Alikuwa ameuza shimo ili anunue chumba, na wenye shimo hakuwauliza.

Sasa, wazee wa reli. Hawa walikuwa watu hodari. Wangeweza kuinua behewa lililoanguka kwa jeki mbili na matusi. Lakini walizaliwa katika nyumba za kampuni, wakakulia katika nyumba za kampuni, na hakuna hata mmoja kati ya arobaini aliyewahi kufyatua tofali. Hawakulisema hilo. Mwanamume mwenye kofia ya reli hasemi kwamba hajui matope.

Tshimanga aliendesha kazi kama anavyoendesha stesheni. Udongo ukachimbwa kando ya njia ya reli, kwa kuwa ni karibu na kitoroli kinafika. Matofali yakapangwa juu ya mataruma kwa mistari, kila mstari urefu wa treni ya mizigo, na kila tofali likaandikwa namba kwa chaki, kama behewa. Pakawa na ratiba. Kufyatua: Jumamosi mbili. Kuanika: siku sita. Tanuru kuwashwa: saa kumi na mbili kamili asubuhi.

Siku ya tanuru ikafika baada ya mvua ya siku mbili. Mchukuzi mmoja, baba yake Zawadi, akathubutu: "Shefu, ni kama bado iko na maji."

"Ratiba inasema nini?" aliuliza Tshimanga.

Ratiba ilisema saa kumi na mbili. Wakawasha saa kumi na mbili. Tanuru lilitoa mvuke mpaka saa nne, likaanza kulipuka ndani kwa ndani, na Jumatatu walipolifungua walikuta kokoto nyekundu, baadhi yake zikiwa na namba. Tshimanga akalaumu kuni. Wakafyatua tena, udongo uleule. Mara hii hawakufika hata kwenye tanuru: mvua ya Alhamisi ilipita juu ya mataruma, na ile treni ndefu ya matofali ikawa uji. Ilikuwa tayari katikati ya mwezi wa sita. Kamati ikakutana kwa muda mfupi, ikasema pengine mwaka ujao. Mtu wa ofisi akamwonyesha Kabedi, kwa nia njema kabisa, mahali ufagio unapowekwa.

Ole wake siku ile. Alirudi bandani akaketi juu ya gunia la mpunga, akalia kwa sauti, watoto wakimtazama. Hakujificha. Aliwaambia ukweli: matofali yamekufa, chumba hakuna, darasa litafungwa.

Wakatoka kwenda kuyaona hayo matofali. Zawadi akachota konzi ya ule uji, akaukanda, akaunusa, akafinyanga bomu, akalipiga juu ya reli. Pf.

"Mama," alisema, "hii udongo iko bubu."

"Bubu," wakakubali wote.

"Nani alibaambia bachukue ya hapa?" Zawadi aliuliza. Hakuwa akitania. Alitaka jina.

Kabedi akaacha kulia. Akafuta kamasi kwa kikwembe alichojifunga kiunoni, akaenda moja kwa moja ofisini kwa shefu wa gare, miguu mitupu na matope mpaka magotini, akasimama juu ya sakafu iliyopigwa nta.

"Shefu, udongo wenu haulii."

"Karatasi ya jambo hilo iko wapi?" Tshimanga aliuliza.

"Karatasi hakuna. Jumamosi nitakuonyesha."

Jumamosi, salongo. Arobaini wa reli walisimama kwenye jukwaa la stesheni wakingoja kuambiwa warudi nyumbani. Mjumbe wa Chama alikuwapo, kuhesabu waliofika. Treni hakuna. Kabedi akaja na watoto wote, Marceline na kiti chake kidogo, na ndoo mbili. Akafinyanga bakuli la udongo wa kando ya reli, akalipiga sakafuni mbele ya viatu vyao. Pf. Mtu akacheka. Akafinyanga la pili, udongo wa shimoni uliolala chini ya jani la mgomba, akainua mkono.

PA!

Mbwa wa stesheni wakatoka mbio. Mzee mmoja wa karakana alijikuta amevua kofia.

"Bahati," alisema Tshimanga.

"Basi jaribu, Shefu. Ndoo hiyo hapo."

Pale hapakuwa na njia ya kukataa, macho yote yalikuwa juu yake. Akakunja mikono ya abakosti mara mbili, kwa vipimo sawa. Akachukua udongo mzuri wa shimoni, lakini hakuukanda. Aliuviringisha tu kwa ncha za vidole. Akafinyanga bakuli, akalipiga. Lilianguka kama samaki.

Kisha kutoka kwenye kiti kidogo ikaja sauti ya mwamuzi.

"Imekufa, papa."

Hakuna aliyecheka, kwa namna ambayo watu wengi wakikazana kutocheka, stesheni nzima inatikisika. Tshimanga aligeuka kumtazama mwanaye. Marceline hakuona kosa lake; alikuwa kazini.

"Imekufa kwa sababu gani?" aliuliza baba, na safari hii aliuliza kweli.

"Hukukanda. Na kitako iko munene."

"Wewe unajua?"

"Najua yote," alisema Marceline. Akashuka kitini. Akavua soksi, moja, halafu nyingine, akaziweka juu ya kiti. Akaingiza mikono kwenye ndoo mpaka viwiko, na gauni jeupe likaingia pamoja nayo.

Alikanda. Alisema maneno yote sahihi huku akikanda. Akafinyanga, akapiga. Pf. Akatazama mikono yake kana kwamba ni ya mtu mwingine. Akafanya la pili. Pf. Ndipo akaanza kulia, kilio cha hasira, kwa kuwa alijua kila kitu juu ya mabomu na mikono yake haikujua lolote. Tshimanga alisimama pale na matope yake, na hakuwa na daftari la kuandikia jambo hilo.

Zawadi akamsogelea, akammegea donge lililokwisha kukandwa. "Usilitupe," alisema. "Lipige."

Marceline akalipiga. Pa. Si kubwa. Mbwa hawakurudi wala hawakukimbia.

"Marceline!" akapiga kelele shefu wa gare, mikono juu, mbele ya raia arobaini na mjumbe wa Chama. "Marceline wangu! Iko hai!"

Lile jina lililokatazwa likazunguka stesheni nzima. Mzee wa karakana akashikwa na kikohozi, na wengine wakashikwa vilevile. Mjumbe wa Chama akageuka kuutazama mto Lualaba, akautazama kwa muda mrefu, kama mtu aliyetumwa kuuhesabu.

Toka siku ile walichimba shimoni kwa Kabedi. Watoto walikanyaga udongo, wazee walifyatua. Namba za chaki ziliachwa. Ratiba ilikuwapo, lakini Zawadi alikataa kuifuata: alisema tofali unaliweka shavuni, likiwa baridi bado lina maji, likiwa halina baridi limekauka. Hivyo ndivyo walivyojua kama mabakuli yao ya kuchezea yamekauka. Basi kila asubuhi kabla ya kazi, wanaume arobaini wa reli walipita kati ya matofali, kila mmoja ameegemeza tofali shavuni, macho yamefumbwa, na Tshimanga miongoni mwao. "Baridi," walisema, wakaliweka chini. Abiria waliokuwa wakingoja treni ya Kamina waliwatazama na hawakuuliza. Mtu anayengoja treni Kindu amekwishaona mengi.

Tanuru liliwashwa siku ambayo mashavu yote yalikubaliana. Ilikuwa saa tano na dakika kadhaa. Matofali yalitoka mekundu, yakigongwa yanalia kama chuma. Mpoyi aligonga moja kwa nyundo yake ya breki, akasikiliza, akasema, "Hii, ndiyo." Kuta zikapanda mwezi wa saba, mabati yakafika mwezi wa nane yakiwa na matundu yaliyotarajiwa, na mwezi wa tisa Mama Kabedi akaingia katika chumba chake na watoto wake. Aliipanga ile pampu dirishani. Hakufagia ofisi ya mtu.

Lakini sharti lilibaki, na Tshimanga hakuwa mtu wa kufuta alichoandika. Mama Françoise alikuwa na nakala. Shimo sasa lilikuwa mara mbili ya zamani, kwa kuwa chumba kizima kilitoka humo. Wiki ya pili behewa la mawe likaja, limejaa, likasukumwa mpaka njia ya pembeni, hatua mia mbili kutoka shimoni. Kabedi aliliona alipokuwa akifungua mlango. Akangoja siku nzima wanaume wa koleo waje. Hawakuja. Hawakuja kesho, wala wiki ile.

Mwisho akashindwa kuvumilia, akaenda ofisini.

"Shefu, ile behewa ya mawe."

Tshimanga hakuinua kichwa. Akamgeuzia Kabedi daftari taratibu ili asome mwenyewe. Chini ya treni ya Kamina palikuwa na mstari mpya, umepigwa kwa rula: Shehena ya mawe ya kujaza shimo. Na mbele yake, kwa wino mweusi, kila siku tangu siku ile: Bado haijafika.

Kabedi akachungulia dirishani. Behewa lilikuwa pale pale, unaweza kuyahesabu mawe.

"Reli yetu, Mamu," alisema Tshimanga. "Unaijua."

Alikuja na daftari hilo hata kwenye mkutano, na Mama Françoise aliposimama kulalamika alimsomea ukurasa, akasema hakuna anayesikitika kuliko yeye. Mama Françoise akatoka nje, akalitazama behewa, akarudi, akatazama daftari lenye muhuri, akaketi. Sabuni iliendelea kununuliwa.

Mwezi wa pili majani yaliota katikati ya mawe. Mwezi wa tatu ndege akataga humo. Kabedi alipita hapo kila asubuhi na ndoo yake, akafika shimoni, akawakuta watoto wote thelathini na mmoja wamo ndani, na ukingoni kiti kidogo kitupu chenye jozi ya soksi nyeupe juu yake, zimekunjwa vizuri.